Nikivaa fulana ya kuzuia risasi shabaha inapotea: tatizo liko wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni askari wa wanyamapori, mwanamke, niko mkoani Tabora upande wa Ugalla. Kwenye kozi nilikuwa miongoni mwa waliopiga shabaha vizuri. Mwaka huu tumepewa fulana za kuzuia risasi zenye mabamba, kofia ngumu na webingi za kifuani, yaani mikanda yenye mifuko ya kubebea vifaa. Tangu hapo, nikilala chini risasi zangu zinapanda juu ya karatasi, na nikisimama kitako kinanitoka begani. Risasi za mazoezi tunapata chache. Wenzangu wanasema tupige bila fulana ili tusizipoteze bure, na wengine wakifika porini wanatoa mabamba kwa sababu ya joto. Unashaurije? Na je, ni kweli fulana hii inazuia risasi ya SMG, yaani AK-47?

Jibu: Marahaba, binti. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ukilijua, la wenzako wanaotoa mabamba litajijibu lenyewe.

Fulana yako ni vitu viwili vilivyoshonewa mfuko mmoja. Kuna kitambaa kizito cha nyuzi ngumu, kinachokunjika, na kuna bamba gumu linaloingia mfukoni mbele na nyuma. Leo jioni fungua velkro, toa kimoja kimoja, usome lebo. Fulana nyingi zinazoingia nchini zimepimwa kwa viwango vya taasisi ya Marekani iitwayo NIJ. Kitambaa kikiandikwa IIIA, maana yake kimepigwa kwenye majaribio kwa risasi za bastola, kubwa yake ikiwa .44 Magnum yenye mwendo wa mita 436 kwa sekunde. Risasi ya SMG hutoka mtutuni kwa mita 715 hivi kwa sekunde, nayo ni nyembamba, imechongoka na mara nyingi ina chuma ndani. Kitambaa peke yake haikisimamishi. Kinachoisimamisha ni bamba: kiwango cha III hupimwa kwa risasi ya bunduki ndefu ya milimita 7.62 kwa 51 yenye mwendo wa mita 847 kwa sekunde, na IV kwa risasi ya .30-06 ya kutoboa chuma. Mwaka 2023 NIJ walitoa toleo jipya lenye herufi nyingine, hivyo ukikuta RF1 au RF3 kwenye bamba usishangae. RF1 inakaribiana na III ya zamani, na majaribio yake yanahusisha pia risasi ya 7.62 kwa 39, yaani ya SMG yenyewe. RF3 inakaribiana na IV. Angalia pia kama kuna herufi ICW. Bamba lenye herufi hizo hufikia kiwango chake likiwa na kitambaa nyuma yake. Ukilivaa peke yake umevaa nusu ya kitu.

Sasa mwenzako anayetoa mabamba anabaki na kinga ya bastola. Mjini, kwenye lindo la benki, hiyo ina maana kubwa. Porini Ugalla, ambako jangili ana SMG ya magendo au gobore, amebaki na joto lile lile na sehemu ndogo ya faida. Gobore nalo lina mambo yake. Tangu enzi za rugaruga, wapiganaji wa mtemi Mirambo, bunduki za kushindilia baruti hazijawahi kuisha katika misitu ya Unyamwezi, na kinachoshindiliwa leo ni goroli na vipande vya nondo. Hakuna kiwango kati ya hivyo nilivyotaja kinachopimwa kwa kipande cha nondo, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba fulana "inazuia gobore" kana kwamba limejaribiwa maabara. Halafu kuna kisu, mkuki na mshale. Kitambaa cha kuzuia risasi kinaweza kupenywa na ncha kali. Kinga ya visu ina kiwango chake tofauti, nayo huandikwa kwenye lebo kama ipo.

Kiongozi wa doria akiamua kwamba safari ya siku kadhaa kwa miguu haihitaji fulana, huo ni uamuzi wa kambini na una hoja zake. Kila mtu kujiamulia njiani ni jambo jingine.

Tuje kwenye shabaha. Risasi zinazopanda ukilala na kitako kinachotoka ukisimama vina asili moja: fulana haijakaa mwilini mwako inavyotakiwa, na vitu ulivyovipachika juu yake viko mahali pabaya. Uwezo wako wa kozini haujaenda popote. Usipoteze hata risasi moja kabla ya kurekebisha hayo mawili.

Simama wima, weka kidole kwenye kile kishimo kilicho chini ya koo, mifupa miwili ya mtulinga inapokutana. Ukingo wa juu wa bamba la mbele ufike hapo hapo. Wengi huliacha lining'inie chini vidole vinne au vitano kwa sababu linapumzisha mabega, matokeo yake linalinda matumbo huku mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo ikiwa wazi. Bamba la nyuma likae usawa ule ule na la mbele. Mwenzako akuangalizie kwa ubavuni. Ukishafunga mikanda, vuta pumzi hadi mwisho. Kiganja bapa kiweze kupita kwa shida kati ya fulana na mbavu. Kisha ruka mara chache. Bamba likipiga kidevu, kaza. Pumzi ikikatika njiani, legeza.

Kwa mwanamke kuna la ziada, na nimeliona kwa askari wengi wa kike hata kama wao wenyewe wanaona haya kulisema mbele ya mkufunzi. Fulana nyingi zimekatwa kwa kifua bapa na kiwiliwili kirefu. Kwako bamba linasukumwa mbele kwa juu, linaacha uwazi karibu na kwapa, na ukipiga goti ukingo wa chini unagonga paja na kuinua fulana nzima kooni. Mikanda ya mabegani ndiyo dawa ya kwanza: ifupishe hadi bamba lipande, ndipo ukaze ya kiunoni. Usianze na ya kiunoni. Ukianza nayo unalifunga bamba likiwa chini, na juu hutaweza kulisogeza tena.

Sasa lala kifudifudi, umevaa kila kitu, bunduki ikiwa tupu. Nakueleza kinachotokea, wewe uniambie kama nimekosea. Ukingo wa nyuma wa fulana unapanda na kusukuma kofia mbele, kofia inafunika nyusi. Unajaribu kuinua kichwa, shingo inagoma. Unaamua kukiinua kichwa chote, shavu linaachana na kitako, unabaki umegusa kwa kidevu. Jicho sasa liko juu kuliko mstari wa kulengea, kwa hiyo kilengeo cha mbele unakiona kimesimama kirefu kupita kingo za kilengeo cha nyuma. Unaona umelenga vizuri, lakini mtutu umeelekea juu. Ndiyo risasi zako zinazopanda hizo.

Dawa yake ina hatua tatu. Kwanza ondoa magazini zote katikati ya kifua. Mifuko miwili mitatu ya magazini juu ya bamba ni kama kulala juu ya gogo: kifua kinaning'inia na viwiko havitulii. Zipeleke ubavuni kushoto, kama unatumia mkono wa kulia. Pili, usilale umenyooka nyuma ya bunduki kama ulivyofundishwa ukiwa na kombati tupu. Lalia kidogo ubavu wa kushoto, kunja goti la kulia kulivuta juu. Tumbo linapata nafasi ya kupumua na shingo inapata pembe ya kuinuka. Tatu, kaza kofia kwa mikanda ya nyuma ya kisogo, isitegemee ule wa kidevu peke yake. Faida ndogo utakayoipata bila kuitafuta ni kwamba, kwa kuwa fulana imekuinua, ile magazini ndefu ya risasi 30 haitakuwa inagonga ardhi.

Ukisimama, tatizo ni utelezi. Kitambaa cha nje cha fulana ni nailoni, kitako ni mbao au plastiki, na teke la risasi ya kwanza linakisukuma nje kuelekea kwenye mkono. Wanaopiga hivyo risasi ya kwanza inaingia, ya pili inakimbia. Askari wengi hukimbilia kuinua kiwiko cha kulia kama bawa ili kutengeneza shimo la kuwekea kitako. Kwa fulana shimo hilo halipo, limefunikwa. Shusha kiwiko, sogeza kitako ndani na juu zaidi, karibu na shingo, kati ya mkanda wa bega na mtulinga, halafu ulete bunduki usoni badala ya kupeleka uso kwenye bunduki. Kama kuna kifungo cha plastiki hapo, kihamishe. Kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kikifungwa vizuri kwenye kitako hupunguza utelezi. SMG ina kitako kifupi, na hapo una bahati, maana unene wa fulana unakisogeza mbele bila kukunyoosha mkono kupita kiasi. Mwenzako mwenye bunduki kubwa ya .375 atasumbuka zaidi: kitako kirefu, teke kubwa.

Miguu nayo. Msimamo wa zamani wa kusimama ubavu, bega la kushoto mbele, unaupa upande wa hatari kwapa lako, na kwapani hapana bamba. Risasi ipitayo hapo inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu na moyo. Simama kifua kikitazama mbele, miguu upana wa mabega, mguu wa kushoto mbele nusu hatua, uzito kwenye vidole. Mwanzoni utahisi unasukumwa nyuma na kila risasi. Inama kidogo kutoka kiunoni, hisia hiyo itaisha.

Redio ikae kushoto. Bega la kulia lisiwe na kitu chochote, hata kalamu. Mkanda wa bunduki upite juu ya vitu vyote, kwa sababu ukipita chini ya waya wa redio siku moja utavuta bunduki na redio ije nayo. Mkanda wa kubana damu na bandeji viwekwe mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto vyote vinafika, kwa maana huchagui mkono utakaoumia.

Hayo yote unaweza kuyarekebisha bila risasi hata moja, na ndipo ninapotofautiana na wenzako. Wao wanasema risasi ni chache, kwa hiyo tupige bila fulana. Mimi nasema risasi ni chache, kwa hiyo kazi kubwa ifanyike bila risasi na zile chache zipigwe ukiwa umevaa kila kitu. Kupiga vizuri ukiwa na kombati peke yake kunakuambia jambo ambalo kozi ilishakuambia.

Mazoezi makavu yana sheria moja ambayo sitaipunguza: risasi hai haziingii chumba hicho. Zibaki kwa mtunza silaha, au kwenye chumba kingine kilichofungwa. Toa magazini kwanza, ndipo ukoki. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu mtu anayekoki kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja chembani na kuingiza nyingine. Angalia chemba kwa macho, ingiza kidole, mpe mwenzako aangalie naye. Elekeza mtutu kwenye ukuta mnene au kichuguu, kamwe usiuelekeze kwenye ukuta wa mabati. Halafu fanya: kulala, goti, kusimama, kulala tena. Kila ukifika chini funga macho, tulia, fungua. Kama kilengeo cha mbele hakiko katikati ya cha nyuma bila kusukumwa, mwili umekaa vibaya, sogeza mwili na uiache mikono. Badilisha magazini tupu bila kutazama mfuko. Bonyeza triga taratibu huku mwenzako akitazama mdomo wa mtutu; yeye ataona ukitikisika kabla yako. Robo saa jioni, siku nyingi za wiki, inatosha kabisa.

Siku ya renji, yaani uwanja wa shabaha, ikifika, bandika karatasi mbili umbali mmoja. Piga risasi tano ukiwa umelala bila fulana kwenye ya kwanza, tano ukiwa na vifaa vyote kwenye ya pili. Zilinganishe. Matundu yakiwa yamekusanyika pamoja lakini yamehama juu au pembeni, kichwa au kitako kimehama. Yakiwa yametawanyika, pumzi au bega havijatulia. Ukishajua hilo, risasi zote zinazobaki zipige na vifaa. Na usikimbilie kugeuza vilengeo vya bunduki kabla mwili haujakaa sawa. Ukishakaa, ndipo mkufunzi aisahihishe bunduki ukiwa umevaa fulana, maana hivyo ndivyo unavyoibeba doria.

Kuna tukio dogo la renji ambalo halimo kwenye vitabu vingi vya mafunzo. SMG inatupa maganda kulia, kwa nguvu. Kijana mmoja alikuwa amelala upande wa kulia wa mwenzake, ganda la moto likaingia kwenye uwazi wa shingo ya fulana, likashuka kati ya kitambaa na kifua. Pale ambapo shati lingelidondosha, fulana iliyokazwa inalishika likiunguza ngozi. Aligeuka, akaanza kujipapasa kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kulia kilikuwa bado kwenye triga, mtutu ukipita juu ya migongo ya watu. Mkufunzi aliikandamiza bunduki chini kwa buti. Kabla ya kupiga, kubalianeni: ganda likiingia, kidole nje, sefti juu, bunduki chini ikitazama mbele, ndipo ujikune. Skafu nyepesi shingoni inazuia mengi. Acheni na nafasi kubwa zaidi kati ya mtu na mtu kuliko mlivyozoea.

Masikio pia. Mlio wa bunduki hiyo unapita desibeli 150, na vile vifuniko vikubwa vya masikio vinasukumwa na kofia upande mmoja na kitako upande mwingine hadi vinaachia. Tumia vizibo vya ndani ya sikio chini ya kofia.

Joto silidharau. Hesabu kidogo: fulana na mabamba mawili inaweza kufika kilo 10, magazini nne za chuma zilizojaa ni zaidi ya kilo 3, maji lita tatu ni kilo 3, na bunduki inakaribia kilo 4. Hizo ni kilo 20 juu ya kifua kisichopata upepo. Tabora mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, mtu anaweza kuanguka hata bila hayo. Mwili hujizoesha joto kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo anzeni na matembezi ya nusu saa mkiwa mmevaa, mwongeze kila siku. Renji ianze saa moja asubuhi, saa nne mwisho. Kati ya zamu na zamu ya kupiga, vueni kwenye kivuli. Hakuna ushujaa wa kukaa umefungwa fulana ukisubiri zamu. Mwenzako akianza kujibu maneno yasiyoeleweka, akiyumba, ngozi ikiwa ya moto sana, huo si uchovu. Bunduki ichukuliwe mkononi mwake kwanza, fulana itoke, amwagiwe maji na kupepewa, na gari liwashwe kuelekea hospitali wakati hayo yakiendelea.

Utunzaji nautaja kwa kifupi. Msizirushe fulana chini kutoka nyuma ya Land Cruiser: mabamba ya kauri hupata nyufa zisizoonekana, na kuyagonga kwa sarafu hakuambii kitu cha kuaminika. Bamba la chuma halina shida hiyo, ila risasi ikilipiga vipande hutawanyika kuelekea koo na mikono, ndiyo maana linatakiwa liwe na utando wa kuvizuia. Kitambaa kisifuliwe kwa sabuni ya unga wala kuanikwa juani. Toa paneli, futa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, fua ganda la nje peke yake. Tarehe iliyo kwenye lebo ni ya kweli, watengenezaji wengi hudhamini miaka mitano. Mwaka 2003 polisi mmoja wa Forest Hills, Pennsylvania, alipigwa risasi ikapenya fulana ya nyuzi za Zylon ambayo ilitakiwa kuizuia, na mwaka 2005 NIJ ikaziondolea ithibati fulana za nyuzi hizo. Joto na unyevu vilikuwa sehemu ya uchunguzi. Na hakuna kujaribu fulana ikiwa imevaliwa na mtu, hata kwa mzaha, hata kwa bastola. Watu wa kusini, kwenye vita vya Maji Maji, waliambiwa mwaka 1905 kwamba risasi zitageuka maji. Sisi tuna lebo ya kusoma.

Mwisho, uombe fulana nyingine kama hii haikukai baada ya kurekebisha mikanda. Keti kwenye kiti, mwenzako apime kwa utepe wa fundi cherehani: kutoka kishimo cha koo hadi vidole vitatu juu ya mkanda wa suruali, kisha mzunguko wa kifua mahali kilipo kipana, kisha mzunguko wa tumbo usawa wa kitovu. Andika vipimo hivyo vitatu kwenye barua ya maombi na useme ni vya mwanamke. Ukiandika tu "naomba saizi ndogo", mtunza stoo atakupa ndogo ya kiume, ambayo itakubana kifuani na bado ikakugonga paja ukipiga goti.